Uwele Juu ya Jiko la Gesi

Nyumba isiyo na moshi Loisi hakuwahi kuiona tangu azaliwe, na alizaliwa zamani. Kwao, nje kidogo ya Mvumi, ukiamka ukaona paa la jirani halifuki unaenda kubisha hodi, uulize kuna nini. Sasa huku Nzuguni kwa binti yake Anitha, watu walikaanga, walichemsha, waliunguza hadi vitunguu, na hewa ya ndani ikabaki safi kama ya kanisani. Siku ya kwanza Loisi alishinda akinusa tu.

Moshi ulikuwa ukienda juu. Mkwewe Gideoni alikuwa amefunga mashine ya kuvuta moshi juu ya jiko la gesi, bati linalong'aa lenye umbo la faneli iliyopinduliwa, na kutoka hapo bomba lilipanda, likatoboa ukuta, likatokea nje. Ukibonyeza kitufe, inavuma. Mvuke unainuka kutoka kwenye sufuria, unajipinda, unaingia mle wote. Loisi alipouona mvuke ukitii namna ile alishika mlango. Amepika miaka yote hiyo akikimbizana na moshi kama mbuzi mkorofi, huku akilia machozi, na leo anauona unaitwa na unaitika! Alisema "Mungu wangu" kwa Kigogo, polepole, na hakuona haya kusema.

Anitha naye alikuwa na masharti yake juu ya mashine hiyo. Inawashwa kabla chungu hakijaanza kuchemka, si baada ya jikoni kujaa moshi. Mafuta yakiwa motoni mtu habanduki. Na kila mara baada ya wiki chache anazima umeme pale ukutani, anabonyeza kibanio, zinashuka zile chujio mbili za nyavu, anazilowesha kwenye beseni la maji ya moto na sabuni. Mara ya kwanza Loisi kushuhudia kazi hiyo, beseni liligeuka rangi ya chai ya maziwa, na mafuta mazito ya manjano yakaelea juu. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Mafuta yote yale yalikuwa yakipita hewani mbele ya macho yake, na yeye hakuona kitu. Anitha alimwambia kwamba chujio zikiachwa na uchafu ule, siku moto ukiruka kutoka kwenye kikaango utapata pa kushika. Loisi aliitikia kwa kichwa, lakini akili yake ilikuwa bado kwenye beseni.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, maana bila hilo mtamwona huyu mama kituko. Loisi na Gideoni walikuwa hawasemeshani. Msinielewe vibaya, hapakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima. Mama mkwe wa kule kwao hakai meza moja na mume wa binti yake, hamtazami usoni, na akiwa na neno analipitisha kwa binti. Gideoni alizaliwa mjini, alikuwa karani mwenye tai, lakini heshima hiyo aliishika bila kunung'unika. Basi Loisi akiwa koridoni angesema, "Anitha, mwambie Baba Joel nimeshukuru kwa dawa," na Baba Joel mwenyewe yuko hatua mbili, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Joel, mtoto wao, yuko shule ya bweni. Akija likizo huwacheka wote.

Loisi alikuja Nzuguni kwa sababu wanawe walikuwa wamebomoa tembe lake wamjengee nyumba ya tofali na bati. Angerudi mvua zikianza. Vyombo aliviacha kwa jirani, kuku aliwagawa, ila kitu kimoja hakumwachia mtu: fungu la masuke ya uwele lililofungwa kwenye kanga kuukuu. Hiyo ilikuwa mbegu ya bibi yake. Uwele mfupi, wa haraka, ambao mwaka wa mvua kukatika katikati bado unampa mwenyewe kitu cha kutia kinywani. Zamani nusu ya kijiji walikuwa nao. Kisha ikaja mbegu ya dukani, ikaja sembe ya Kibaigwa, yakaja na yale makame ya miaka miwili mfululizo, na kila aliyemuuliza alimwambia wa kwake umekwisha. Ulibaki huo wa kwenye kanga, basi. Ukiisha huo, umeisha duniani.

Sasa mbegu kama hiyo makao yake ni darini, juu ya mafiga, iningʼinie kwenye moshi mchana na usiku mpaka ishike masizi, na fukusi akiisogelea anakohoa mwenyewe na kurudi alikotoka. Kwa Anitha iliwekwa stoo, karibu na unga na sabuni. Siku moja Loisi alifungua kanga akakuta vumbi jeupe chini ya masuke. Vumbi hilo anayelijua hahitaji kuambiwa: wadudu wameshaingia, na ndani ya mwezi wangebakiza maganda.

Usimcheke. Weka akili yako kwenye kichwa chake. Mbegu inataka moshi. Nyumba hii ina moshi, tena mwingi, ila wote unakwenda mahali pamoja tu. Wewe ungeiweka wapi?

Anitha na Gideoni walipokwenda kazini, Loisi alizima umeme ukutani kama alivyomwona bintiye anafanya, akabonyeza kibanio, akashusha chujio. Akayapanga masuke humo ndani, akayafunga kwa uzi kwenye chuma kilichokuwa pembeni, akarudisha chujio zikakaa vizuri kabisa. Alijisikia amani kubwa. Aliona mashine ile imeletwa pale kwa ajili yake, na usiku alilala fofofo.

Mashine haikulala. Ilianza kukoroma. Mvuke ukawa unafika mlangoni pake, unasitasita, nusu unaingia na nusu unarudi chini. Anitha akalalamika, Gideoni akasema labda ni chujio, zitasafishwa mwisho wa wiki. Loisi aliyasikia yote hayo kutoka koridoni. Alitaka kusema, akaona aibu ya mama mkwe kuonekana amechokonoa kitu cha mkwewe ni kubwa mno. Atayatoa masuke Jumamosi asubuhi kabla Anitha hajaamka. Jumamosi ikafika, Anitha akaamka kabla yake, akaenda sokoni bila kusafisha kitu, na Gideoni akashinda nyumbani kutwa. Hakupata mwanya.

Jumapili, baada ya ibada, Anitha alibaki kanisani na wanakwaya. Gideoni akarudi na perege wabichi wa Bahi, akavua tai, akajifunga aproni. Alipenda sana kukaanga samaki, mwanaume huyo. Loisi, ambaye kumwona mkwe akipika kulimtia aibu kuliko kumwona hana shati, alikaa sebuleni akaupa mlango wa jikoni mgongo.

Alisikia mafuta yakimiminwa. Akasikia mashine ikiwashwa, ikakoroma. Simu ikalia chumbani, Gideoni akaenda kuipokea, na maneno yake yakawa marefu: ndiyo mkuu, sawa mkuu. Harufu ilimfikia Loisi kabla ya kitu kingine chochote. Mafuta yaliyopitiliza yana harufu yake, na mpishi hata akiwa usingizini huijua. Akageuka. Jikoni moshi wa bluu ulikuwa umetanda, mashine imeshindwa kuuvuta. Kabla hajanyanyuka vizuri, kikaango kikashika moto.

Jamani, moto wa mafuta. Haukupanda kidogokidogo kama wa kuni. Ulisimama mara moja, mrefu, wa njano, hauna sauti, na pale juu ulikonyooka mashine ikaudaka. Loisi aliona ncha ya moto ikijipinda na kuingia ndani ya nyavu kama ulivyokuwa ukiingia mvuke, kwa utii ule ule. Ilikuwa nzuri, Mungu amsamehe. Aliganda akiutazama, kinywa wazi.

Gideoni alitoka chumbani mbio. Tuseme haki, hakupoteza kichwa, wala maji hakuyagusa. Alikata gesi, akanyakua mfuniko mkubwa, akaufunika moto ule kwa ubavu, ukafa. Kisha, kwa kuwa jikoni hapaonekani kwa moshi, akanyoosha mkono akaipandisha mashine hadi mwisho ivute kwa nguvu zake zote. Mtu yeyote angefanya hivyo.

Ila humo ndani mlikuwa na masuke makavu, yaliyolowa mafuta ya wiki nzima, na cheche imeshayafikia. Loisi aliona wekundu mdogo nyuma ya nyavu. Kila feni ilipozidi kuvuma, wekundu ukazidi kunawiri. Juu ya bomba kulikuwa na dari ya mbao.

Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Anitha hayupo wa kumpitishia neno. Loisi akaingia jikoni, akasimama mbele ya mkwewe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi.

"Baba Joel, zima hiyo mashine. Nimeweka mbegu humo ndani, inaungua."

Gideoni alimtazama sekunde moja hivi, kisha mkono ukaenda ukutani. Mngurumo ukakatika. Alichovya taulo kwenye maji, akalizungusha mkononi, akabonyeza kibanio. Chujio zikaanguka sakafuni zikifoka, na fungu la uwele likafuata, likiwa jeusi, likitoa moshi na vimulimuli vyekundu. Loisi akalirukia. Alivua kanga ya mabegani akalifunika, akalikandamiza kwa viganja mpaka likaacha kufuka. Gideoni alipanda juu ya kiti akamulika bomba kwa simu, akaingiza mkono, akapapasa. Palikuwa na joto tu. Moto haukuwa umefika darini.

Loisi alikuwa amekaa sakafuni. Alifungua kanga. Masuke ya nje yalikuwa makaa, ukiyagusa yanakuwa unga. Ya katikati yalikuwa yamenata mafuta, yana rangi ya kahawa. Hakulia. Alikuwa amefika mahali pa mbali zaidi ya kulia.

Gideoni akashuka. Loisi alingoja maneno, na alistahili maneno, maana angeweza kumchomea nyumba. Yule karani mwenye aproni alikunja miguu, akaketi sakafuni mkabala naye, jambo ambalo hapana mkwe aliyewahi kulifanya katika ukoo ule, akauliza ni mbegu ya nini.

Loisi akamweleza, tena yeye mwenyewe, ana kwa ana. Alimweleza habari za Mtunya, ile njaa ambayo Wagogo hadi leo huitaja kwa kushusha sauti, watu walipokula ngozi za vigoda vyao. Bibi yake alikuwa mama kijana wakati huo. Alizika watoto wawili.

"Na mbegu hii ilikuwa juu ya mafiga," Loisi akasema. "Pale pale, unainua mkono unaishika. Hakuigusa. Mama yangu alikuwa wa tatu, alizaliwa mvua iliporudi, akala ya kwanza iliyovunwa. Mimi nimeichoma kwa siku sita."

Gideoni aliyatazama yale makaa kwenye kanga. Kisha akaanza kuokota. Punje zilikuwa zimetawanyika hadi chini ya jokofu, naye akalala kifudifudi kwa aproni yake akazifuata mojamoja, akizifuta kwa shati la kanisani. Anitha aliporudi aliwakuta hivyo, mama yake na mume wake wamekaa sakafu moja, jikoni kweusi. Aliweka Biblia mezani akapiga magoti kuokota naye, akauliza baadaye.

Walizichagua zile za katikati, wakaziosha kwa sabuni polepole, Loisi akazitandaza kwenye sinia juu ya kitambaa kibichi. Kama zimekufa, zingeoza. Siku zilipita zikawa zinaoza kweli; kila asubuhi alitoa zilizolegea, na sinia likazidi kuwa tupu. Chakula kilimshinda. Kisha asubuhi moja akaona kitu cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea, kimetokeza kwenye punje. Kingine. Kwenye sinia zima zilikuwa kama kiganja kimoja cha mtoto, lakini zilikuwa hai.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipokumbuka. Punje iliyochipua hairudi ghalani. Inataka udongo sasa hivi, na nje jua la Oktoba lilikuwa linapasua vichwa, mvua bado sana, na ua wote wa Gideoni ulikuwa umesakafiwa kwa vitofali vya peving kutoka geti hadi ukuta. Ua huo ndio aliojivunia kuliko hata mashine. Loisi hakumwomba mtu kitu. Alilifunika sinia, akarudi chumbani akakaa kitandani.

Alisikia kishindo cha sururu. Alipochungulia dirishani, Gideoni alikuwa amevua shati, anangʼoa vitofali vyake, anavipanga ukutani, na chini yake udongo mwekundu unaonekana. Jioni ile walipanda wote watatu, kwa vidole, na kila siku maji ya kuoshea vyombo yalikwenda huko.

Zilitokeza mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali. Loisi alikuwa wa kwanza kuziona: majani membamba, kijani kile ambacho macho hayakizoei, yametoboa udongo katika mstari uliopinda. Watu walikufa kwa ajili ya majani haya. Alipiga magoti pale pale, akakaa.

Gideoni alitoka na tai yake, mkoba mkononi, anawahi kazini. Alipoona, alisimama. Akauweka mkoba chini. Akainama akafungua kamba za viatu, akavivua, akavua na soksi, akasogea miguu mitupu mpaka penye mwisho wa vitofali, na hapo akaogopa kwenda mbele.

"Mama," akauliza, kwa sauti ndogo, "nikanyage wapi?"