Aliyeomba Jina

Mdogo wangu Oddny alianza kuandika riwaya kabla hajajua kupika yai, na hadi leo yai lake halieleweki. Nasema hivi ili msidhani namsifu kwa sababu ni damu yangu. Mchana alifundisha shule ya msingi hapa kijijini, na jioni alijifungia chumba cha kufulia, akaweka kompyuta juu ya mashine ya nguo na kuandika mpaka shingo ikamkakamaa. Wachapishaji wa Reykjavik walimrudishia miswada yake mmoja baada ya mwingine, kwa adabu zote. Hapa Iceland karibu kila ukoo una mtu aliyetoa kitabu, hata fundi bomba wetu ana viwili vya mashairi, kwa hiyo kukataliwa kulimuuma mara mbili.

Halafu akapigiwa simu na Gunnvor, mhariri wa shirika moja la vitabu. Alisema ile riwaya ya mfugaji anayepotea kwenye theluji imemgusa, tatizo ni huyo mfugaji mwenyewe. Hana damu, alisema. Akipatikana mwenye damu kabla ya majira ya joto, kitabu kitatoka mwaka huohuo kabla ya Krismasi, msimu ambao vitabu vya nchi hii hutoka kwa mpigo. Oddny alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hofu. Wakati huo alikuwa mjamzito, na ndipo alipoanza kuota.

Alinisimulia tukiwa kwenye bwawa la maji ya moto, maji yametufika shingoni na theluji inatuangukia vichwani. Mwanamume alisimama miguuni pa kitanda chake, koti limelowa, barafu imeng'ang'ania ndevu. Alivua kofia kama mgeni yeyote mwenye adabu, akasema, "Naitwa Isleifur. Natafuta pa kukaa."

Hakuna mtu wa kwetu asiyejua maana ya ndoto hiyo. Marehemu akimjia mjamzito na kujitaja, anaomba jina. Mtoto akizaliwa hupewa jina hilo, mambo yakaisha. Anayekataa hujuta. Na Isleifur tulimjua, alikuwa kaka wa bibi yetu. Alipanda mlimani kutafuta kondoo waliobaki nyuma na hakuonekana tena, wala kofia yake. Nikampa Oddny hongera, nikamwambia atazaa mvulana na jina ameshaletewa mpaka kitandani.

Oddny akatazama pembeni. Namjua tangu akiwa na nepi. Akitazama pembeni, ujue ameshaharibu.

"Nimeshampa," akasema.

"Umempaje, na mtoto bado yumo tumboni?"

"Nimempa mfugaji wangu, wa kwenye kitabu. Nilipoandika tu Isleifur, dada, akainuka. Akakohoa. Akaanza kunibishia. Sasa siandiki, namfuata tu."

"Yaani marehemu kaomba mtoto, wewe ukampa karatasi?"

"Kaomba pa kukaa. Hakusema wapi."

Nikamwambia asilete utani na watu wa kaburini, tena huyu ambaye hata kaburi hana. Akaniita mshamba. Nikamrushia maji usoni, na mambo yakaishia hapo.

Mswada mpya ulikamilika kabla theluji haijaondoka barabarani. Gunnvor alisema hakupata usingizi baada ya kuusoma. Sifa zote zilikwenda kwenye sura ya mwisho, pale Isleifur anapofika hatimaye kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe na kukuta taa zimezimwa. Hana nguvu ya kugonga. Anajilaza chini ya dirisha, theluji inamfunika, na mkewe yuko upande wa pili wa ukuta, hajui lolote. Mkataba ukasainiwa. Oddny alikuja kwangu na keki, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilimwona anatembea bila kuinamisha kichwa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tano, mvulana. Mume wa Oddny, Kolbeinn, ni fundi wa injini za meli, mtu mwema asiye na habari na ndoto za watu. Alitaka jina la baba yake. Kwetu jina halitamkwi mpaka siku ya ubatizo, kwa hiyo kasisi alipouliza, kanisa zima lilitega sikio. Kolbeinn akajibu, "Torfi." Nilimtazama Oddny, Oddny akatazama maua.

Torfi hakuwahi kugeuka akiitwa Torfi. Alishtuka mlango ukigongwa, alicheka paka akilia, ila jina lake lilimpita tu. Daktari alimpima masikio, akasema ni mazima kabisa. Mikono yake ilikuwa ya baridi hata juani, tukasema labda amerithi ya baba yake. Usiku hakulia. Oddny akiamka alimkuta macho wazi, ametulia, anaangalia dirisha.

Ilipofika mwezi wa kumi, Oddny aliletewa kurasa za kusahihisha kwa mara ya mwisho. Alizisoma kwa sauti jikoni, mtoto akiwa sakafuni kwenye blanketi. Alipotamka Isleifur, mtoto akageuka. Akacheka, akanyoosha mikono abebwe. Oddny akarudia jina kwa kunong'ona, mtoto akacheka tena. Kolbeinn, aliyekuwa anakunywa kahawa, aliweka kikombe chini na kutoka nje bila koti.

Oddny aliniita, na nilipofika nilimwambia kuna mambo mawili ya kufanya na yote yafanyike leo. Mtoto apewe jina lake, na jina litolewe kwenye kitabu. La kwanza alilifanya haraka, na Kolbeinn hakubisha hata kidogo. La pili alijaribu. Alimwita mfugaji Hallvard, akanisomea ile sura ya mwisho, na sina budi kusema ukweli: nilisikia maneno yaleyale na hapakuwa na mtu ndani yake. Hallvard alikufa na sikujali.

"Kitoke hivyohivyo," nikamwambia. "Vitabu vibovu vinatoka kila mwaka, na waandishi wake wanakula na kulala."

"Nimengoja maisha yangu yote, dada."

"Jina hilo ni la mwanao sasa. Na humo ndani unamlaza nje kwenye theluji."

"Ni kitabu tu."

Yeye ndiye aliyesema hivyo, yeye aliyeniambia kwenye bwawa kwamba mtu wake anakohoa! Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akatazama skrini, kisha akalirudisha jina kwa kidole chake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nikaona.

Kitabu kilitoka na kikapendwa. Wanakijiji waliokuwa wanamwonea huruma sasa walimsimamisha dukani kwenye jokofu la maziwa ili wamshike mkono. Mkesha wa Krismasi nilikwenda kwao. Kengele zilipigwa, tukala nyama ya kondoo ya moshi, tukafungua zawadi. Baada ya hapo, kama kawaida, nchi nzima hupanda kitandani na kitabu kipya na haizimi taa mpaka kiishe. Mwaka ule, katika nyumba nyingi sana, kitabu kilikuwa chake. Oddny alikaa kwenye kochi akitabasamu peke yake, na hata mimi nilimwonea fahari.

Mtoto alikuwa mapajani mwa Kolbeinn. Kolbeinn ndiye aliyesema, "Mbona amepoa?"

Nilimshika vidole, vilikuwa barafu. Baridi ilipanda mpaka kwenye viwiko huku nimevishikilia, chumba kile kina joto la kutoa jasho. Midomo ikabadilika rangi. Nywele zake zililowa, na nilipozipangusa, kiganja changu kilibaki na chembe nyeupe, zikayeyuka nikizitazama. Kolbeinn alimpigia daktari wa mji wa pili, akaambiwa njia ya mlimani imefungwa.

"Kuna mtu amemaliza," Oddny akasema. Uso wake haukuwa na damu. "Kuna mtu amefika ukurasa wa mwisho."

Akamnyakua mtoto, akamkumbatia kifuani, akaanza kusimulia mwisho mwingine kwa ile sauti yake ya darasani. Mke wa Isleifur alishtuka usingizini. Aliwasha taa. Alifungua mlango akamwona chini ya dirisha, akamburuta ndani, akamvua buti, akamnywesha supu. Ilipofika kwenye supu, midomo ya mtoto ilirudi rangi yake. Nilijikuta nalia na kucheka kwa pamoja. Sikumaliza kucheka, vidole vikapoa tena. Nyumba nyingine, mtu mwingine, ukurasa uleule.

Ilikuwa hivyo hadi asubuhi. Sauti ya Oddny ilipokatika, nilisimulia mimi. Yangu ilipokatika akasimulia Kolbeinn, ambaye maishani mwake hajasimulia hata mzaha. Isleifur wa Kolbeinn alirudi na trekta lililogoma kuwaka, ikabidi alitengeneze kwanza, na nilitamani kumpiga. Lakini mtoto alipata joto.

Baada ya mwaka mpya Gunnvor alipiga simu. Nilikuwepo, mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Kitabu kimekwisha madukani, kinachapwa upya, na Wajerumani wanakitaka. Ni simu ambayo Oddny alikuwa anaiigiza mbele ya kioo cha bafuni tangu tukiwa wasichana, mimi nikijifanya mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema toleo jipya liwe na sura ya mwisho tofauti, mke awashe taa. Nilimsikia Gunnvor akicheka. Akamweleza, kwa upole, kwamba mwisho ule ndio watu wanaoununua.

"Basi wasinunue," Oddny akasema. "Usikichape tena. Popote."

Walibishana mpaka chai yangu ikapoa, na tangu hapo shirika lile halijamtafuta, wala jingine lolote. Alikata simu, akaingia chumba cha kufulia, akafunga mlango. Aliwasha mashine nisimsikie akilia, na bado nilimsikia. Sijawahi kumpenda mdogo wangu kama siku ile.

Ila vilivyokwisha kutoka havirudi. Viko maktaba, viko vyumba vya wageni, viko kwenye vibanda vya mapumziko ambako mtu hukwama na mvua na kuchukua chochote kilicho kwenye rafu. Isleifur anakaribia kuanza shule sasa, mzima, mtundu, ana meno ya kuuma watu. Wiki nyingine hupita salama. Kisha mikono inapoa, kwenye bembea, kwenye foleni ya duka, na Oddny anaacha chochote alichoshika na kuanza kusimulia, bila kujali nani anamtazama.

Juzi tulikuwa mezani, jua la Juni limejaa jikoni, tunakula wali wa maziwa. Isleifur aliweka kijiko chini. Ncha za vidole vyake zilikuwa za bluu. Oddny akavuta kiti, akamshika mikono yote miwili, akasubiri ile baridi ipande ili aanze. Haikupanda. Ilikaa palepale kwenye ncha, tumetulia wote watatu, na wali ukaganda kwenye sahani.

"Huyu anasoma polepole, Mama," Isleifur akasema.