Dua kwa Mdundo wa Rege

Kabla ya albamu ile, Shekhan alijulikana Lamu mjini kwa sauti yake ya kasida. Kila Maulidi yeye ndiye aliyeongoza, na ami yake, Mwalimu Abdulwahid, aliyemlea tangu utotoni, alikaa ubavuni pake akipokea kiitikio.

Albamu aliirekodi na rafiki yake Wazir, mpiga besi, katika chumba walichotundika magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Ilikuwa rege ya polepole, na maneno yote yalikuwa ya Shekhan: mashamba ya Kililana yaliyomezwa na ujenzi, vijana wanaoteketea kwa unga wa kulevya, matajiri wanaofuturisha maskini mbele ya kamera. Wimbo wa mwisho ulikuwa dua. Aliuimba kwa mahadhi ya msikitini, gitaa likikatakata nyuma yake.

Mitandaoni waliisikiliza wachache. Mjini kila mtu alisema ameisikia.

"Amempeleka Mola kwenye bangi," alisema muuza vitambaa mmoja, naye Shekhan hajapata kuvuta hata sigara.

Vijana wa kasida wakaacha kumpigia simu. Kisha Wazir akapata kazi ya muziki Malindi, akahama. Shekhan akachukua kazi ya kulinda nyumba ya wageni iliyofungwa kwa msimu huko Ras Kitau, ng'ambo ya Shela. Alifagia mchanga, akamwagilia maua yasiyo na wa kuyatazama, akajipikia wali na kuula amesimama. Siku nyingine jua lilikuchwa hajamtolea mtu salamu, ila zile za kumalizia swala.

Katika wote, aliyemuumiza zaidi ni ami yake, kwa sababu alinyamaza. Ijumaa moja, baada ya swala, Shekhan alimfuata nyumbani.

"Ami, watu wote wamesema. Wewe tu hujasema."

"Nisilolisikia silineni," akajibu Mwalimu. "Hebu niwekee."

Shekhan akamvalisha hedifoni juu ya kofia. Mzee akasikiliza wimbo baada ya wimbo, tasbihi imetulia mkononi. Ulipofika ule wa unga, akapaza sauti kama afanyavyo mtu aliyezibwa masikio:

"Huyu ni Mahdi!"

Shekhan akaitikia kwa kichwa. Mahdi alikuwa mtoto wa pekee wa Mwalimu. Unga ndio uliomuua.

Nyimbo zilipokwisha, mzee akavua hedifoni.

"Umesema kweli juu ya nti yetu," akasema kwa Kiamu chake. "Na juu ya mwanangu. Tangu tumzike, hakuna anayethubutu kumtaja mbele yangu."

"Basi nirudi Maulidi haya, Ami?"

"Ile dua itoe kwenye albamu. Jina la Mola si la kutikisia viuno. Itoe, urudi mahali pako."

"Ile dua nilimwombea Mahdi."

"Nimejua." Mzee akajifuta macho kwa ncha ya shuka. "Lakini hiyo si ndia niliyokufunza. Siwezi, mwanangu."

Wakala chakula cha mchana pamoja. Mwalimu akawa anamtolea miba ya samaki na kumwekea minofu upande wake wa sinia, kama zamani. Hawakuzungumza tena habari ya muziki. Alasiri Shekhan akavuka kurudi kazini.

Maulidi yalipofika, kasida iliongozwa na mwingine. Shekhan aliketi nyuma kabisa, karibu na viatu, akaitikia pamoja na umati kwa sauti ya chini. Jirani yake alimtupia jicho, akamtambua, akasogea kidogo. Haikujulikana kama alikuwa akimpa nafasi au akimwepuka.

Walipotawanyika, Shekhan alipenya hadi mbele, akambusu ami yake mkono. Mzee akaushikilia mkono wa Shekhan kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha wageni wengine wakamwita.

Dua hakuitoa kwenye albamu. Pilau ya Maulidi aliyofungiwa kwenye karatasi aliila peke yake Ras Kitau, imekwisha poa.