Mafundo Matatu Darini

Saa tisa na robo alasiri chumba cha mtoto kilikuwa na digrii kumi na tisa, na saa kumi muuguzi alikuwa anamleta kutoka hospitali, kipimajoto mkononi. Alishatuambia wazi: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ambaye hata sasa hajafika kilo mbili, halazwi kwenye chumba kisichofika ishirini na tano. Kisipofika, anarudi wodini. Na wodini ilikuwa imeingia homa ya mapafu. Vitanda viwili jirani na chake vilikuwa vimebaki vitupu wiki ile, na sitaki kueleza kwa nini.

Fundi ni mimi. Nyumba ni ya mdogo wetu wa kike, wa mwisho, mtoto ni wake, na mfumo wa joto na ubaridi nimeupanga kwa mkono wangu: mashine moja nyuma ya nyumba, mabomba ya hewa darini, na nyumba imegawanywa kanda tatu, kila kanda na kilango chake kinachofunguka kwa umeme. Sebule ipate joto lake, chumba cha wazazi lake, cha mtoto lake. Nimefunga mfumo huo kwenye nyumba zaidi ya arobaini, kwa hiyo msinifundishe kazi.

Mabomba ya darini aliyapitisha mdogo wangu wa kiume, tunayemwita Kobe kwa sababu hajazaliwa mtu wa kumharakisha. Tulikuwa hatuongei, miezi saba sasa. Baba ndiye aliyetufundisha ufundi sote wawili, na siku ya tatu baada ya kumzika nililichukua begi lake la zana bila kumuuliza mtu. Kobe aliponiuliza, nikamjibu mbele za watu kwamba baba alikuwa anamvumilia tu. Nilijua wakati nasema kwamba ni uongo, na nikasema hivyo hivyo.

Basi kazi hii tuliifanya kwa zamu, yeye darini asubuhi, mimi mchana kwenye bodi ya nyaya, na mama katikati akipeleka ujumbe. Mwambie mwenzako bomba la sebule limepita kulia. Mwambie mwenzako nimesikia. Mama alishachoka nasi, akasema kama angejua atakuja kuwa posta uzeeni angedai baiskeli.

Nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa la chumba cha mtoto. Hakuna kitu, hata pumzi. Nikaenda sebuleni nikakuta joto la kuivisha mkate, na Kobe ameketi juu ya boksi amefungua vifungo vya shati, jasho linamtiririka. Nikamwambia mama, kwa sauti ya kufika hadi barabarani, amwambie mwanawe kwamba amelikunja bomba la mtoto huko juu, na mtoto akirudishwa wodini, atafute yeye pa kuuweka uso wake.

Kobe akapanda ngazi taratibu, akashuka na vumbi kichwani, akamwambia mama bomba limenyooka. Sikumwamini, na ukaidi ule ulinigharimu dakika ishirini. Nilitambaa juu ya mbao na tochi mdomoni, nikilipapasa bomba lile kiungo kwa kiungo. Lilikuwa limenyooka. Kila kiungo kimefungwa vizuri kuliko ambavyo ningekifunga mimi, na hilo liliniuma.

Kisha nikafika kwenye kilango chenyewe, nikaona waya wake una mafundo matatu ya uzi mwekundu. Ule ulikuwa utaratibu wa baba. Hakupenda karatasi za kubandika, maana darini joto huzibandua, kwa hiyo alifunga uzi: fundo moja kanda ya kwanza, mawili ya pili, matatu ya tatu. Mimi kwenye bodi nilikuwa nimeunga nyaya kwa kufuata mafundo hayo hayo, lakini kwenye ramani yangu chumba cha mtoto kilikuwa cha kwanza. Kila mara kipimajoto cha ukutani cha chumba cha mtoto kilipoomba joto, kilichofunguka kilikuwa kilango cha sebule.

Ningeweza kushuka, kubadilisha nyaya mbili kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Mama alishasikia kwamba mwenye kosa ni Kobe. Nakiri kwamba nililifikiria jambo hilo, tena si kwa sekunde moja.

Gari likapiga honi nje.

Muuguzi aliingia peke yake, akaweka kipimajoto ndani ya kitanda cha mtoto, akakisoma: kumi na tisa na nusu. Mtoto na mama yake walibaki garini, vioo vimefungwa. Akatazama saa yake, akasema atasubiri hadi saa kumi na nusu, kwa upole kabisa, na upole ule ulinitisha kuliko kama angefoka.

Kubadilisha nyaya peke yake kusingetosha. Ilibidi nifunge kanda mbili, hewa yote iende kwa mtoto, lakini mashine ikisukuma yote kwenye chumba kimoja kidogo hujisonga ikajizima. Kilango cha nne, cha kutolea hewa ya ziada ili mashine ipumue, kilikuwa bado hakijaungwa umeme. Hiyo ilikuwa kazi ya kesho. Kwa sasa kilihitaji mkono wa mtu, huko juu, mwingine akiwa chini anasoma vipimo.

Nikaenda sebuleni nikasimama mbele ya Kobe.

"Ulianza kuhesabu kutoka wapi?"

Mama akageuka kupokea ujumbe, akakuta si wake.

"Kwenye mashine," Kobe alisema. "Kama baba."

"Mimi nilianzia mlangoni. Kwa mtoto. Kosa ni langu."

Nilisubiri anipe vidonge vyangu, na nilistahili. Akauliza tu tuna dakika ngapi. Nilipomwambia ishirini na nne, Kobe alipanda ile ngazi mbiombio, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Nikabadilisha nyaya. Nikasimama chumbani, macho kwenye kipimajoto cha muuguzi, nikiongea na dari. Ishirini na moja. Fungua kidogo. Ishirini na mbili na nusu. Mashine ikaanza kukoroma, nikamwambia aachie zaidi, akaachia, mngurumo ukatulia. Ishirini na tatu. Hapo ikaganda. Dakika nne nzima. Mama alikuwa mlangoni anatafuna ncha ya mtandio wake. Nikamwambia Kobe abane kidogo, akauliza kiasi gani, nikasema upana wa kidole, akabana.

Saa kumi na dakika ishirini na nane muuguzi alikisoma kipimajoto chake, akakigeuza, akakisoma tena, kisha akatoka kwenda garini. Mdogo wetu aliingia na kifurushi kifuani na hakumtazama mtu yeyote. Alimlaza mwanawe, naye mtoto akapiga mwayo mkubwa kuliko kichwa chake.

"Ameingia," niliiambia dari.

Nikasogea chini ya tundu la hewa.

"Yale niliyosema siku ile kuhusu baba, nilitunga. Alikuwa anakupenda, na begi alitaka liwe lako. Aliniambia mwenyewe."

Nikasikia mbao zikilia, kama mtu anayebadilisha goti.

"Digrii ngapi?" Kobe aliuliza, na sauti yake haikuwa sawa.

"Ishirini na tano."

"Basi usiondoke hapo," alisema. "Endelea kunisomea."