Hita ya Gari la Mokua

Mvua ilimkuta Bonareri njiani kwenda Homa Bay, gari limeshindiliwa ndizi na parachichi mpaka darini. Kabla hajafika Rodi, kioo cha mbele kikaingia ukungu. Akaupangusa kwa leso. Ukarudi mzito zaidi, wenye mafutamafuta, na ndani ya gari kukanuka utamu kama peremende iliyoungua. Alipomwona ng'ombe aliyesimama katikati ya lami, alikuwa amekwisha kumkaribia. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likaserereka, likasimama upande upande, na ng'ombe akaendelea kucheua kama vile hakuna lililotokea.

Bonareri alizima injini. Alipoinama akaona zulia la upande wa abiria limelowa maji ya kijani.

Katika gereji ya kwanza aliyoikuta Homa Bay, fundi alichovya kidole katika maji yale akanusa.

"Mama, hii ni rejeta ndogo ya hita, imetoboka. Inakaa ndani kabisa, nyuma ya dashibodi. Kuibadilisha ni lazima tufumue dashibodi yote, kwa hiyo gari litalala hapa. Ama nikuunganishie tu mipira hii miwili ya injini, maji yasipite huko tena. Hita ni ya nini na joto hili la ziwa?"

"Na kioo kikiingia ukungu?"

"Unafungua dirisha."

"Kukiwa na mvua?"

Fundi akacheka. "Hapo sasa, mama, umenishika."

Bonareri akamwomba aunganishe mipira ili apate kufika nyumbani Migori. Hayo mengine angemuuliza mume wake.

Mumewe, Mokua, alikuwa fundi wa mabasi kwa miaka mingi, na aliacha kazi kabla ya wakati wake. Watu aliwaambia ni mgongo. Bonareri alijua si mgongo. Alikuwa akimwona anavyokunywa chai kwa mkono wa kushoto, na kanisani siku ya Sabato anavyoukalia ule wa kulia wakati wa maombi, kwa sababu mkono ule ulitetemeka wenyewe kama jani. Hawakuwahi kulizungumza. Jambo hilo liliishi nao nyumba moja kama mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini.

"Mipira waliyounganisha haidhuru kwa sasa," Mokua alisema baada ya kufunua boneti. "Lakini mvua za masika zikianza utagonga mtu. Rejeta lazima ibadilishwe, na nitaibadilisha mimi, hapa hapa nyumbani."

"Baba Kemuma, si tumpelekee Monari? Gereji yake iko hapo tu karibu na stendi, na wewe ndiye uliyemfundisha kazi."

"Kwa Monari siendi."

"Kwani mmekosana?"

"Nimesema siendi." Akafunga boneti, akaingia ndani.

Bonareri hakumfuata. Alijua ugomvi wa kushinda na ugomvi wa kuacha, na huu ulikuwa wa kuacha.

Mokua alisafiri mwenyewe hadi Isebania, akarudi na rejeta ya mtumba ambayo bado ilikuwa nzima, ameifunga kwenye gazeti na kuikumbatia kama mtoto. Siku ya kwanza ya kazi mambo yalikwenda vizuri. Alitoa viti, akatoa usukani, akapanga skrubu katika vifuniko vya mitungi ili zisichanganyike. Jioni alikula ugali mara mbili na kumweleza mkewe habari ya kila skrubu. Bonareri alikuwa hajamsikia akizungumza namna hiyo tangu aache kazi.

Siku iliyofuata alitoka sokoni akamkuta ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye tairi. Ndani ya gari nyaya zilining'inia kama matumbo ya mbuzi. Bisibisi ilikuwa mbali kwenye nyasi, na ilionekana wazi kuwa ilirushwa.

"Nimevunja soketi ya nyaya," Mokua alisema bila kumtazama. "Mkono umeruka wenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuutaja.

Bonareri alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, na yote yalikuwa ya haki. Akaweka kikapu chini, akajifunga leso kiunoni, akaokota bisibisi.

"Niambie nishike nini."

"Utachafuka."

"Nilikuwa safi lini, mimi mtu wa ndizi?"

Mokua akamtazama, kisha akajisogeza. Akaanza kumwelekeza. Fungua ile. Si hiyo, ya chini yake. Vuta polepole, usikate mpira. Bonareri alidondosha skrubu mara kadhaa, akaingiza klipu kinyume, akakaripiwa, naye akakaripia. Hatimaye rejeta ya zamani ikachomoka ikidondosha kutu, na ile ya Isebania ikaingia mahali pake. Mokua akairudisha mipira ilivyokuwa, wakajaza maji, wakawasha injini na kufungua hita. Upepo wa moto ukawapiga usoni na jua nalo liko utosini. Jasho likawatiririka, wakacheka mpaka jirani yao Priscilla akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini.

Lakini waipa za kioo hazikusogea, na taa hazikuwaka. Soketi ile iliyovunjika ndiyo iliyokuwa ikizipa umeme.

Mokua alizima injini.

"Mpigie Monari," akasema. "Mwambie aje na vifaa vya umeme."

Monari alikuja kesho yake asubuhi. Mokua alimpa mkono wa kushoto. Monari akaupokea, kisha, bila haraka, akaufuata ule wa kulia mahali ulipojificha nyuma, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee, huu una muda gani hivi?"

Bonareri alitazamia mumewe akasirike.

"Tangu nikiwa kazini," Mokua alisema. "Niliogopa kufunga breki za basi lenye watu. Nikaondoka kabla sijaua mtu. Na wewe sikutaka unione hivi, Monari. Ulinijua wakati mikono yangu ilikuwa mikono."

"Mama yangu yuko hivyo hivyo," Monari alisema. "Anahudhuria kliniki Homa Bay, anameza vidonge. Siku hizi mboga anachambua mwenyewe. Hukumwona daktari?"

"Nilidhani hakuna cha kufanywa."

Monari alirekebisha soketi huku Mokua akimsimamia na kumkosoa kama zamani.

Wiki iliyofuata Bonareri alipeleka ndizi Homa Bay, naye Mokua akafuatana naye ili waende kliniki ile. Daktari, mama wa makamo, alimfanya atembee, aandike jina lake, afungue na kufumba vidole. Akasema ugonjwa huo hauponi, ila dawa zitautuliza, na wengi huishi nao miaka mingi.

"Na kuendesha gari?" Mokua aliuliza.

"Kwa sasa hapana. Tutaona dawa zikishaingia."

Walipotoka nje, Mokua alikwenda mlango wa dereva kwa mazoea, akasimama, kisha akazunguka mbele ya gari hadi upande wa pili. Akaketi. Alijaribu kufunga mkanda, ukamkwepa, akajaribu tena. Bonareri aliweka mikono yake juu ya usukani akatazama mbele, akangoja, hata aliposikia mkanda umeshika ndipo akawasha gari.