Mikono Iliyochorwa Mara Moja

Mwanga ulikuwa wa kijivu, mwanga baridi wa kioo cha kompyuta, na ndani ya mwanga huo alikuwa ameketi mwanamke mwingine.

Mke wa mchoraji alimtazama, akamtazama tena. Picha ilikuwa yake, ile ya uchumba, iliyotawala ukuta wa sebule tangu aolewe. Ilipoanza kubanduka rangi aliileta mwenyewe kwa fundi wa makumbusho itibiwe, na fundi, kama kazi yake inavyotaka, akaipiga eksirei kwanza. Sasa chini ya uso wake ulitokeza uso wa pili: shingo ndefu, kidevu juu, mdomo wa mtu aliyezoea kubembelezwa.

"Wachoraji hawatupi kitambaa cha kuchorea, mama," fundi alisema kwa upole. "Wanachora juu ya picha ya zamani. Ni kawaida."

Kawaida. Hiyo angeimeza. Kila mwanamume ana jana yake, na jana ikishafunikwa rangi, nani ana haja ya kuifukua? Lakini fundi, kwa kuipenda mno kazi yake, aliteremsha kidole kwenye kioo.

"Uso umechorwa mara mbili, ona. Gauni mara mbili. Mikono mara moja tu. Hiyo aliiacha ilivyokuwa."

Mikono. Ile iliyosifiwa na kila mgeni. Mashemeji waliisifu, mawifi waliisifu shingo upande, naye miaka yote akaificha ya kwake chini ya mtandio, akidhani ni umri tu ulioiharibu. Wivu ukampanda kama maziwa jikoni, ghafla, mpaka juu. Alimwonea wivu mwanamke asiyemjua jina, aliyeingia sebuleni kwake bila hodi akakaa kupokea sifa zake. Alimwonea wivu vidole. Alimwonea wivu hata kucha.

Hakungoja picha itibiwe. Aliibeba kwapani mpaka nyumbani, akamkuta mumewe kibarazani akimenya chungwa.

"Mikono hii si yangu," alisema.

Kisu kilisimama katikati ya ganda. Mzee hakubisha, wala mkewe hakuuliza ni ya nani. Jina lingempa yule mwanamke kiti kingine humu ndani. Aliketi mbele yake, akaiweka magotini mikono yake mwenyewe, mikono ya kufua na kulea, yenye kovu la mafuta ya moto.

"Chukua brashi. Chora hii."

"Mke wangu, mkono unanitetemeka siku hizi. Nitaiharibu picha."

"Iharibu."