Pole ya Bhanu

Nyie mnaolea watoto huku London na kuwapa Kiswahili vipande vipande, kama mtu anayemwagia ndege makombo, isikieni hii ya Bhanu wa Neasden. Halafu mkifika nyumbani mkaulizane na watoto wenu wamesikia nini.

Bhanu ni Mhindi wa Tanga. Baba yake aliuza vipuri vya baiskeli, na shule yeye aliishia darasa la saba. Kigujarati chake ni cha hekaluni. Kiingereza chake ni cha kazini, kule anakoogesha wazee wa watu. Lakini akishtuka, akicheka, akiona mtu kaumia, kinachomtoka ni Kiswahili. Mumewe alikuwa wa Korogwe, naye hivyo hivyo. Kisha mume akaanguka akikimbilia basi, moyo ukasimama palepale kituoni, na mtoto wao Keyur alikuwa bado wa kushikwa mkono. Wakabaki wawili kwenye vyumba vya juu ya duka, mama anaongea Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, maisha yanakwenda.

Keyur akakua akawa anainama kupita mlango wa jikoni. Mapenzi yake kriketi. Na si kushika gongo na kupiga, kama watoto wengine wa hekaluni. Yeye alitaka kurusha, tena kurusha kwa kasi: akimbie kutoka mbali, aruke, auachie mpira ukavunje vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji. Bhanu hakuuelewa mchezo wenyewe, ila alielewa kwamba mtoto wake hakuwa na jambo jingine duniani. Chakula alikula kimya. Mpira alilala nao.

Sasa, Jumamosi moja akaja uwanjani kwao Mohinder Singh, kalasinga wa Nairobi mwenye ndevu nyeupe, anayewatafutia wakubwa wa kriketi vijana wa kwenda kuishi kambini na kufundishwa. Alitaka mrushaji wa kasi. Mmoja tu.

Bhanu alikaa pembeni kwenye kiti chake cha kukunja, na chupa ya chai miguuni. Wazazi wengine walikuwa kundi moja, wanacheka. Walimwambia halo, naye akawaambia halo, ikaishia hapo kama kila wiki. Aliyemsogelea ni mzee Kanti tu, jirani.

"Bhanuben, huyu mtoto anajisumbua," Kanti akasema, huku macho yakiwa kwenye chupa. "Sisi Wahindi kasi hatuna. Tuko wengi kama mchanga, wapigaji tumewajaza dunia, lakini mrushaji wa kasi wa kutisha watu, mpaka umtafute kwa tochi."

"Kwa nini lakini, Kantibhai?"

"Chakula! Dengu na chapati, kasi itokee wapi?"

Mohinder, aliyekuwa amesimama karibu, akacheka mpaka kilemba kikatikisika. "Mzee, mimi nimekula mbuzi tangu nimeota meno, na nilipokuwa mrushaji mgongo ulinikatika vilevile. Acha dengu za watu."

"Basi ni joto."

"Joto lipo. Na udongo wa kule Uhindini mwingi umekufa, mpira ukigonga chini haunyanyuki. Na siku hizi wazuri wanapatikana, tusiseme uongo. Lakini mimi nakwambia kaangalie majumbani. Kwetu mpigaji ndiye bwana harusi. Mrushaji wa kasi ni punda, anabeba, anaumia, anasahauliwa. Mtoto wa Kihindi akianza kukimbia tu, nyumba nzima juu yake: taratibu, utatoka jasho, utavunjika! Mpaka anafika kwangu, breki zimeshagandia."

"Wangu sijamfunga breki," Bhanu akasema.

"Tutaona, dada."

Keyur akaja mbio. Mpira wa kwanza ulipita Bhanu hakuuona, aliona tu mpigaji karuka kando kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mohinder akatoa mikono mfukoni. Lakini ule mguu wa Keyur ulivyotua ulipiga kishindo, na Bhanu mdomo ukafunguka wenyewe, kama unavyomwambia yeyote anayetua gunia:

"Pole!"

Keyur akageuza uso kidogo, akarudi mwanzo. Mpira wa pili ulikuja na nguvu nusu. Wa tatu akateleza, akagusa goti chini.

"Pole, mwanangu! Pole!"

Uliofuata hata Kanti angeupiga kwa fimbo yake ya kutembelea.

Mohinder akakunja uso. Hilo neno na yeye alilisikia, lakini yeye ni wa Nairobi, kwake pole ni pole, hakuna cha kutilia shaka. "Injini anayo," akamwambia Bhanu. "Ila anaizima mwenyewe, sijui kwa nini. Jumamosi ijayo nitamtazama tena. Akiwa hivi hivi, nachukua mwingine."

Kwenye basi mama na mwana walikaa juu, mbele kabisa, madirisha yamejaa mvua. Vituo vikapita. Bhanu akashindwa kujizuia.

"Kwa nini unapunguza, Keyur? Yule mzee anasema unajizima."

Mtoto akamtazama kama mtu asiyeamini anachoulizwa. Akajibu kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya chini, "Wewe si ndiye unayeniambia?"

"Mimi? Nimekuambia nini mimi?"

"Kila nikirusha. Pole, pole. Punguza mwendo."

"Nilisema pole, Keyur! Pole!"

"Ndiyo, Mama. Nimekusikia. Kila mtu uwanjani amekusikia."

Bhanu akataka kucheka, kicheko kikamkauka. Chai ikiwa ya moto, alimwambia mtoto polepole. Ngazi zikiwa na maji, polepole. Na akianguka akaumia, pole. Nani aliwahi kukaa na huyu mtoto akamwambia kwamba haya ni mawili?

"Pole si kupunguza," akasema. "Pole ni... umeumia, na mimi nimeona. Naumia na wewe. Ni hivyo tu."

Keyur alipangusa dirisha kwa kiganja, ukungu ukarudi, akapangusa tena.

"Baba alipokufa," akasema, "walikuja watu. Nyumba ilijaa. Wote waliniinamia mmoja mmoja, wakanishika kichwa, wakaniambia neno hilo."

"Ndiyo, beta, mwanangu."

"Nilijua Baba amekufa kwa sababu alikimbia. Nikajua wananionya."

Bhanu akaushika mkono wake, ule wa kurushia. Mtoto hakuutoa, lakini hakuushika wa mama yake pia. Miaka yote hiyo ametembea na msiba ambao hakuna hata mtu mmoja aliyempa pole, na nyumba ilikuwa imejaa watu wanaompa.

"Kwa hiyo unataka nirushe kwa kasi?" Keyur akauliza.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ndiyo. Neno dogo, lugha zote tatu analo. Lakini Bhanu aliona lile basi jingine, na mtu aliyelala kituoni kiatu kimoja kikiwa mbali naye, na akachelewa. Akachelewa kidogo tu. Keyur akabonyeza kengele, wakashuka.

Jumamosi ikafika. Asubuhi Keyur alimwambia, "Njoo ukitaka. Lakini usiseme kitu." Bhanu akaenda akaweka kiti chake mbali, upande wa uzio wa reli, ambako hata Kanti hakumfuata. Akajifunga mtandio mdomoni kama mtu mwenye meno mabovu.

Mpira wa kwanza ulikwenda hivi hivi. Wa pili Keyur alitua vibaya, mguu ukapinda, akaanguka kifudifudi kwenye majani. Hakunyanyuka mara moja. Alipoinua kichwa hakumtazama Mohinder, alitazama huku, upande wa uzio. Akangoja.

Bhanu neno lilimjaa kinywani kama maji. Akang'ata mtandio. Machozi yalimtoka, lakini sauti hakuitoa.

Keyur akasimama, akapangusa magoti, akarudi nyuma, mbali kuliko siku zote. Kisha akaja. Bhanu alifumba macho. Alichokisikia ni miguu, halafu kimya, halafu mti unavunjika, na watu wakipiga kelele kule kwenye kundi lao. Alipofumbua, kijiti kimoja kilikuwa kimelala mbali kabisa, na Mohinder alikuwa anakimbia na ndevu zake kwenda kumkumbatia mtoto.

Akachukuliwa. Kambi iko mbali, huwezi kwenda na kurudi. Bhanu alimfungia chapati kwenye karatasi ya kung'aa, akampeleka stesheni, akarudi kwenye vyumba vya juu ya duka. Jioni za kwanza alikuwa akimwaga chai vikombe viwili, kisha akaacha. Kanti akipita huuliza, "Bhanuben, mwanao anaendeleaje na ile kasi?" Bhanu husema vizuri. Kazini wazee wanapoinuliwa kitandani wakiguna, huwaambia pole, nao humtazama tu, hawajui ni nini.

Jumapili moja Keyur akapiga simu.

"Mgongo unauma kidogo," akasema. "Wameniambia nipumzike wiki."

Bhanu akakaa kwenye kiti cha jikoni. Alilitafuta la Kigujarati, hakuliona. La Kiingereza lingekuwa kama anaomba radhi kwa kosa. Akabaki amekamata simu, anamsikia mtoto anapumua huko mbali.

"Mama? Unaweza kusema. Sasa najua maana yake."

"Pole," akasema. "Pole sana, mwanangu."

"Asante, Mama," Keyur akajibu, kwa Kiswahili safi, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chai kwenye nyumba ya watu. Kisha akasema wanamwita, simu ikakatika.