Mashine ya Mtu Mmoja

“Hii haibembelezi gogo,” muuzaji alisema, akiupiga mgongo wa mashine ya kupasulia kuni kofi kama mtu anayemsifu ng'ombe wa maziwa. “Unabana vishikio, sekunde mbili, kuni ziko chini. Ukipiga chafya umeshaikosa.”

Binti alicheka. Baba yake hakucheka. Watu walimwita Pigo Moja, jina alilopewa na majirani zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akilirudia gogo mara ya pili, na yeye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kutwa alipanga mbao kwenye ghala la watu, kazi ya kuinama na kuinuka isiyomtofautisha mtu na mwenzake. Jioni, uani kwake, akiwa na shoka mkononi, alijiona mtu. Sasa shoka hilo lilikuwa na mwezi wa tano nyuma ya pipa la maji, na lilikuwa limeanza kuota kutu.

“Na hii nyingine?” mkewe aliuliza. Alikuwa amesimama mbele ya mashine ya pili, ndefu zaidi, yenye bomba jeusi ubavuni.

“Hiyo ni ya mafuta, mama. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma chuma, chuma kinasukuma gogo kwenye kabari. Inakwenda mwendo wa kinyonga, lakini gogo lenye fundo litalia weee, mwisho litaachia. Na ukitoa mkono, inasimama palepale.”

“Palepale?”

“Hata kama kabari imeshagusa mti.”

“Basi hiyo ndiyo yetu. Mzee atashika mtambo, mimi nitakaa upande huu nimpe magogo.”

“Mama,” binti alisema, kwa ile sauti anayoitumia wodini kwa wagonjwa wabishi, maana alikuwa muuguzi, “wewe hutakaa karibu na kitu chochote chenye makali. Si tulishaongea?”

“Tuliongea? Nimesahau.”

Alisema kwa kutabasamu, lakini macho hayakutabasamu. Pigo Moja alijifanya anasoma kibandiko cha mashine. Kiliandikwa kwa lugha asiyoijua, naye alikisoma mpaka mwisho.

Kwa miaka thelathini kuni za nyumba yao zilipasuliwa na watu wawili. Uani kulikuwa na mteremko, na magogo aliyopewa ghalani yalikuwa mabaki yaliyokatwa mshazari, hayakubali kusimama yenyewe. Basi mke alilishika gogo kwa ncha za vidole, akalisawazisha, akatoa mkono, akasema, “Haya.” Hapo ndipo shoka liliposhuka. Si kabla. Waliowaona waliwaambia wazi kwamba wana wazimu, na wao wakajibu kwamba hawajawahi kukosea. Ilikuwa kweli.

Siku waliyokosea, kaka wa mke alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, macho kwenye saa yake, akimhesabia. “Shemeji, umezeeka,” alikuwa amesema. “Magogo thelathini kabla chai haijachemka? Hilo jina tutakuvua leo.” Utani wa shemeji, basi. Lakini Pigo Moja alikuwa na miaka sitini na miwili, na ulimwingia. Gogo la ishirini na tisa lilikuwa bishi, na mkewe alikuwa bado analisawazisha. Aliviona vidole vyake. Hilo ndilo alilokuwa analikimbia bila kupata pa kukimbilia: aliviona. Alidhani shoka likifika vitakuwa vimeshaondoka.

Viwili havikuondoka, cha kati na cha pete, mkono wa kushoto. Katikati ya mayowe na taulo na mbio za kutafuta gari, shemeji aliuliza, “Ilikuwaje?” Na yeye, kabla hajawaza lolote, akajibu, “Alisema, ‘Haya.’” Mke alikuwa ameegemea ukuta, midomo imemkauka. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta njia aliyokuwa akiijua.

“Kama nilisema,” akanong'ona, “basi nilisema.”

Pigo Moja alikusudia kumwambia mkewe ukweli kesho yake. Kesho yake mgonjwa alikuwa na homa. Keshokutwa binti alikuwepo, anamkaripia mama yake kwa uzembe huku akilia. Wiki ya pili uongo ulikuwa umeshahamia mle ndani kama mpangaji asiyefukuzika, na Pigo Moja akaanza kuosha vyombo. Alichota maji, alifagia, alimenya viazi. Majirani wakamsifu: mume ndiye huyu. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, lakini angesema nini?

Na laiti ingekuwa ni vidole tu. Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Kidonda kilipona, vidole vitatu vilivyobaki vikajifunza kuelekeza kitambaa, cherehani ikakubali. Kilichokataa ni kichwa. Mama yake mzazi alikufa akiwa hawajui wanawe kwa majina, na alianza hivyohivyo, kwa kusema jambo na kukana kwamba amelisema. Sasa mke alipima kitambaa cha mtu mara tatu, mara nne, akaandika, akautazama mwandiko wake kama wa mtu mwingine. Halafu akakikunja na kumrudishia mwenyewe. “Mtu asiyejua mdomo wake umesema nini,” alimwambia mteja wa mwisho, “atakukatia gauni gani?”

Nyumbani aliuliza, “Nimezima jiko?” Pigo Moja alijibu, “Umezima.” “Una hakika?” “Nimekuona.” Akaridhika kwa robo saa, kisha akauliza tena. Binti alikuwa ameshaomba nafasi kwa daktari wa maradhi ya kusahau. Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa.

“Ngoja niwaonyeshe hii ya haraka,” muuzaji alisema, na akavuta kamba.

Injini ilikohoa, ikashika. Magurudumu mawili ya chuma, mapana kama masinia, yakaanza kuzunguka, na mvumo wake ukapanda mpaka watu wakalazimika kupaza sauti. Muuzaji alilaza gogo kwenye kitanda cha chuma cha mashine. “Mkono huu hapa, na huu hapa! Bila yote miwili haipigi. Na mtu wa pili asisogee kabisa. Hii ni mashine ya mtu mmoja!” Akabana. Mlio mmoja mkavu, na nusu mbili zikaruka kila moja upande wake.

Pigo Moja aligundua kwamba bega lake la kulia limeshuka, lenyewe, bila kuagizwa. Alitazama pembeni. Mkewe alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili ameikumbatia kifuani.

“Nimeipenda,” binti alisema. “Haimhitaji mama.”

“Lakini ile ya mafuta inasimama.” Mke alifungua macho, akamgeukia mumewe, akamsemesha yeye peke yake, akimwekea mdomo karibu na sikio kwa sababu ya kelele. “Baba watoto, nisikilize. Nikikosea tena kusema, ile itanisubiri. Wewe hukuweza kulirudisha shoka, si kosa lako. Ile inaweza.”

“Hukusema,” alisema Pigo Moja.

“Eh?”

“Hukusema ‘haya’!”

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Muuzaji aliwatazama, akaona nyuso, akazima injini.

“Gogo lilikuwa bado mkononi mwako,” Pigo Moja alisema. “Nilikuwa nashindana na kaka yako. Niliviona vidole vyako nikapiga. Wewe hukusema neno.”

Binti alishika kichwa. “Baba! Miezi mitano! Jumatatu mimi nampeleka mtu akapimwe akili, na wewe unajua? Umekaa unanitazama tu?”

“Nyamaza kwanza,” mama yake alisema. “Sikusema.” Akalijaribu tena neno hilo, taratibu, kama anayekanyaga ngazi gizani na kukuta ipo. “Sikusema. Nilikuwa najua sikusema.” Akacheka, na machozi yakamtoka palepale katika kicheko. “Kwa hiyo kichwa changu kizima.”

“Kizima.”

“Na jiko nilikuwa nazima.”

“Kila siku.”

“Kila siku.” Aliitikia kwa kichwa. Kicheko kilikwisha kidogo kidogo, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini, haina hata hasira ndani yake, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. “Na mimi nikawa nakuuliza. Jiko, mlango, kipimo cha kitambaa cha watu. Na wewe ukawa unanijibu. Tena ulikuwa unanijibu kwa upole kweli.”

Pigo Moja alitaka kusema kwamba alimpenda, kwamba aliogopa, kwamba kila siku alikusudia. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa kusemwa. “Nisamehe, mama watoto,” alisema. Alikuwa na aibu ya kumtazama, akamtazama.

Mkewe alijifuta uso kwa mkono wa kushoto. Kisha akaunyosha mkono uleule, mbele ya muuzaji na wote, akaielekeza mashine ya magurudumu.

“Mfungie hii,” alimwambia muuzaji. “Hii ya mtu mmoja.”

“Mama, si ulisema ile ya—”

“Hii.”

Akamshika binti yake mkono na wakaondoka, wakipita kati ya mapipa ya rangi na mabati yaliyopangwa, kuelekea kwenye geti. Hakutembea kama mgonjwa. Alitembea upesi, binti akilazimika kukaza mwendo.

Pigo Moja alipiga hatua awafuate, lakini mashine ilikuwa imekaa kati yake na njia, na muuzaji akamzuia kwa mkono begani.

“Usikatize hapo, mzee. Nimezima injini, lakini magurudumu bado. Ni mazito hayo, yakishachukua mwendo hayasikii la mtu. Ngoja yasimame yenyewe.”

Akangoja. Mvumo ulikuwa unashuka, lakini ulishuka polepole mno, na hata alipokaza macho hakuweza kuona tofauti. Kule mbele geti lilifunguliwa, likafungwa. Alibaki amesimama, mikono imelegea ubavuni, akiyatazama magurudumu yakizunguka.